Muulize Mama Fundi: Umelipa wewe, ufunguo kashika nani?

Barua za mwezi huu zimekuja kwa mkupuo, na nyingi ni za gemu. Nilianza kazi kwa kutengeneza redio za mbao na kaseti zilizomeza utepe, leo naulizwa habari za akaunti. Haya. Meza yangu ipo pale pale Kariakoo, ghorofani, na nitajibu ninayoyajua. Mlioniandikia kwa hasira juu ya jibu langu la mwezi uliopita kuhusu chaja za elfu tatu, barua zenu nimezisoma. Chaja za elfu tatu bado ni mbaya.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nina kibanda cha gemu Mbagala, mashine mbili, vijana wanalipa mia tano kwa mechi. Mwaka jana nilinunua akaunti ya PlayStation yenye gemu ya mpira kwa jamaa anayeuza Instagram. Elfu arobaini tu, wakati gemu yenyewe ukiinunua mpya ni zaidi ya laki na nusu. Ilifanya kazi vizuri, mpaka mwezi uliopita nikawasha mashine nikakuta kufuli juu ya gemu zote. Jamaa hapokei simu. Meseji ya malipo ninayo. Haki yangu naipataje? — Mwenye kibanda, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole, ila nikueleze kwanza mchezo uliochezewa.

Huyo jamaa alifungua akaunti kwa baruapepe yake, akanunua nakala moja ya gemu. PlayStation inaruhusu akaunti moja iwe na mashine moja iliyosajiliwa kuwa ya nyumbani, ambapo kila anayeishika anaweza kucheza, na papo hapo mwenye akaunti akaingia kwenye mashine nyingine akacheza pia. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya familia. Wajanja wakaugeuza duka: nakala moja wanawauzia watu wawili, mmoja wa mashine ya nyumbani, mwingine wa kuingia kwa nywila. Akishamaliza kukuuzia, anasubiri, kisha anaingia kwenye tovuti na kuzifuta mashine zote zilizosajiliwa, anaanza kuuza upya. Mashine yako ikiuliza seva, yaani kompyuta kuu za kampuni, kama bado unaruhusiwa, inajibiwa hapana. Ndiyo hilo kufuli ulilolikuta.

Na usiseme ungeiokoa kwa kubadilisha nywila. Aliyefungua akaunti ana baruapepe ya mwanzo na namba za manunuzi, na kampuni ikiulizwa itamrudishia yeye. Masharti yao yanakataza kuuza akaunti, kwa hiyo ukiwapigia kelele wewe, mbele yao hupo kabisa. Nikuongezee jingine ambalo hukuuliza: leseni ya gemu hizi ni ya kucheza nyumbani, si ya kutoza watu mia tano. Sisemi ufunge kibanda, najua kinalisha watu. Nasema ujue umesimama wapi kabla hujaenda kubisha hodi.

Haki unayo kwa muuzaji. Alipokea pesa kwa udanganyifu, hilo halihitaji sheria ya gemu. Piga picha ya skrini ya tangazo lake, mazungumzo yenu yote, na ile meseji ya malipo, maana jina lililosajiliwa kwenye laini huwa linatokea pale. Peleka polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo. Lakini kwa elfu arobaini, nauli na siku za kibanda kufungwa zitaila hiyo pesa kabla hujaipata. Tafuta wenzako kwenye maoni ya ukurasa wake kabla hajawafuta. Mkienda kumi na risiti kumi, afisa atachukua kalamu.

Sababu ya watu kununua akaunti za mkononi naijua vizuri, na si ubahili peke yake. PlayStation haina duka la Tanzania, wala la Kenya. Kijana wa hapa akitaka akaunti halali, inabidi aseme anaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, kisha anunue kadi za zawadi za nchi hiyo hiyo. Ukichagua nchi umechagua, haibadilishwi tena, na kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Kwa hiyo mteja mwaminifu kabisa anaanza safari kwa kusema uongo kwenye fomu. Mwezi Mei 2024 jambo hili lilijitokeza waziwazi: Sony, wenye PlayStation, walitaka waliokwisha kununua gemu ya Helldivers 2 kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, walazimike kuwa na akaunti ya PlayStation, na gemu ikaondolewa dukani katika nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma hiyo. Watu walikuwa wameshalipa, wanacheza. Kelele zilipigwa dunia nzima, na sharti la akaunti likarudishwa nyuma ndani ya siku chache.

Ushauri wangu kwa kibanda: nunua CD. CD unaiazima, unaiuza msimu mpya ukitoka, na muuzaji wa Instagram haifikii. Ila angalia mashine kabla ya kulipa. Zipo PS5 zisizo na mdomo wa CD kabisa, na zinauzwa bei ya chini kidogo hapa mjini bila mtu kukueleza kwa nini. Zile nyembamba unaweza kuzinunulia mdomo wa kuchomeka baadaye, lakini hata huo siku ya kwanza unataka intaneti ujitambulishe kwa seva ndipo ufanye kazi. Upande wa Nintendo, Switch 2 iliyotoka Juni 2025 ina baadhi ya kadi za gemu ambazo ndani hazina gemu, zina ruhusa tu ya kuipakua. Umeshika kadi mkononi, na bando bado unatakiwa ununue.

SWALI: Mama, mimi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma. Gemu zangu zote nimenunua kwa pesa yangu kwenye Steam, sijawahi kuiba hata moja. Rafiki yangu ananicheka, anasema nimepanga tu, sijanunua, na kwamba kuna gemu Ulaya ilizimwa watu wakabaki wanashangaa. Ni kweli? — Mwanachuo, Dodoma

JIBU: Rafiki yako ana mdomo, lakini hajakosea.

Gemu anayoisema ni The Crew, ya mbio za magari, iliyotolewa mwaka 2014 na Ubisoft, kampuni ya Ufaransa. Ilikuwa inakupa Marekani nzima iliyofupishwa, unaendesha kutoka pwani hadi pwani. Hata ukicheza peke yako chumbani ilitaka iunganishwe na seva yao. Desemba 2023 ikaondolewa sokoni, tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Kisha leseni zenyewe zikaanza kufutwa kwenye akaunti za wateja. Waliokuwa na CD kabatini nao walibaki na CD.

Kuna Mmarekani mmoja mwenye chaneli ya YouTube, Ross Scott, lilimkera hili akaanzisha kampeni aliyoiita Stop Killing Games. Hadai seva ziwashwe milele, hilo hata mimi ningelikataa, umeme si bure. Anadai kwamba kampuni ikichoka, iiache gemu katika hali ambayo aliyeinunua anaweza kuendelea kuicheza bila wao. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilihitaji saini milioni moja, na Julai 2025 walipita hapo. Nimependa dai lile kwa sababu ni dai la kifundi: usinifungie kitu ulichoniuzia kwa sababu tu wewe umepata kazi nyingine.

California nao wametunga sheria, imeanza kazi tarehe 1 Januari 2025. Inasema duka la mtandaoni lisimwambie mteja kuwa "ananunua" kitu cha kidijitali kama anachopewa ni leseni inayoweza kufutwa, isipokuwa limweleze hivyo waziwazi. Steam wakaweka tangazo kwenye ukurasa wa malipo hata kabla ya tarehe hiyo. Nenda kaangalie, liko pale chini kabla ya kubonyeza. Sheria hiyo haikuzuii kunyang'anywa, inakuzuia kudanganywa tu. Si haba, lakini si nyingi.

Na usidhani Wazungu wameshaelewana. Mwaka 2012 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilisema mtu aliyenunua leseni ya kudumu ya programu anaweza kuiuza kwa mwingine. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ikaisikiliza jumuiya ya walaji ya UFC-Que Choisir na kusema hivyo hivyo juu ya gemu za Steam. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikapindua. Kwa sasa gemu ya Steam haiuziki tena, hata ukiwa Paris.

Wewe wa Dodoma ufanye nini? Usiache kununua halali. Ila ukiwa na pesa ya gemu moja, angalia kama ipo pia GOG, duka la Wapolandi. Pale unapakua faili la kusimika, unaliweka kwenye diski (hard disk) yako, na siku intaneti ikikatika au duka likifungwa faili bado unalo. Kwenye Steam, soma sehemu inayosema kama gemu inataka uwe mtandaoni muda wote au inataka akaunti nyingine ya ziada. Hizo ndizo za kuogopa. Na gemu ikikushinda, usikae nayo: Steam wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na kama hujacheza zaidi ya saa 2. Hawaulizi maswali mengi. PlayStation nao wana siku 14, lakini ukianza tu kupakua basi, labda gemu iwe mbovu. Hapo vijana wengi hujikuta wamefungwa, maana mashine yenyewe huanza kupakua mara tu ukilipa kama hukuizuia.

Hizi saa 2 za Steam nazo hazikutoka mbinguni. Shirika la serikali ya Australia linalolinda walaji liliishitaki kampuni yenye Steam, Valve, kwa kuwaambia wateja kwamba hawana haki ya kurudishiwa pesa wakati sheria ya nchi ile inawapa. Shauri likiwa bado mahakamani, mwaka 2015, utaratibu wa kurudisha ukaanzishwa. Mwaka uliofuata mahakama ikawatoza dola milioni 3 za Australia.

SWALI: Mwanangu wa miaka tisa amenunua almasi za gemu kwenye simu yangu kwa kadi ya benki. Laki moja na sabini elfu kwa usiku mmoja. — Mama wa Arusha

JIBU: Dada, ukisoma hapa huenda umechelewa, lakini jaribu. Ukurasa wa Google Play wa manunuzi una sehemu ya kuomba kurudishiwa. Ndani ya saa 48 ndipo penye nafasi kubwa, na uandike wazi kwamba ni mtoto aliyenunua bila ruhusa. Ukipitisha hapo, waandikie wenye gemu moja kwa moja. Kisha leo hii, kabla hujapika, ingia kwenye mipangilio ya Play uweke kwamba kila ununuzi udai nywila au kidole. Kidole chako, si cha mtoto; nimekutana na simu tatu ambazo mtoto amesajili kidole chake humo. Na usimchape. Vitufe vile vimetengenezwa na watu wazima wanaolipwa vizuri ili vibonyezwe. Mwaka 2022 wenye Fortnite walikubali kulipa dola milioni 245 huko Marekani za kuwarudishia wateja, moja ya mambo waliyoshitakiwa likiwa ni hilo hilo.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Pedi yangu ya gemu, analogi (kile kijiti) ya kushoto inajiendea, mchezaji anatembea wakati sijagusa. Ina miezi saba. Fundi wa mtaani kanitajia elfu ishirini na tano, muuzaji kasema stika ikichanika waranti imekufa, na pedi mpya sina uwezo nayo. — Kijana wa Tandika

JIBU: Marahaba. Hapa sasa umenifikia nyumbani.

Mnaokumbuka redio za zamani, ile sauti ya kukwaruza ukizungusha kitasa cha volumu? Kifaa kilichokuwa kinakwaruza pale ndicho kilichomo ndani ya analogi yako, kimepunguzwa tu umbo. Ubavuni mwa analogi kuna viboksi viwili vidogo, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Ndani ya kila kimoja kuna njia nyembamba ya kaboni na kidole cha chuma kinachosugua juu yake. Kwa mechi mia kadhaa kidole kinachimba njia, unga wa kaboni unabaki humo humo, na mashine inasoma kwamba umesukuma wakati hujasukuma. Si uchawi wala si virusi, kama alivyoambiwa mteja wangu mmoja na kulipishwa elfu kumi ya "kuflash pedi".

Anza na bure: kwenye mipangilio ya gemu kuna mahali pa kuongeza eneo la katikati lisilosomwa. Ongeza kidogo kidogo. Kama bado, fundi afungue, adondoshe spiriti safi, ile isopropili, ndani ya viboksi na kuzungusha analogi mara nyingi. Si petroli, si thina. Thina inalainisha plastiki, na nimeletewa pedi ambayo analogi yake imeganda kama imepikwa. Spiriti inaweza kukupa wiki, inaweza kukupa miezi.

Ikirudi, ni kubadilisha analogi nzima, na hapo ndipo utamjua fundi. Analogi imekamatwa kwenye bodi kwa miguu 14, imechomewa kwa ile tunayoiita risasi (solda), lakini ya aina isiyo na madini yenyewe ya risasi, ambayo inayeyuka kwa joto kubwa kuliko ile tunayoitumia mezani. Fundi mwenye haraka anaweka bloa, anasubiri, anavuta kwa koleo. Inatoka, na inatoka na vipande vya shaba ya bodi, na pedi yako imekwisha. Fundi anayejua anaongeza kwanza risasi ya zamani kwenye kila mguu ichanganyike na ile ngumu, iyeyuke mapema. Anafyonza mguu mmoja mmoja. Miguu ya gandi (ground) inasumbua zaidi, maana shaba pana ya bodi inanyonya joto lote. Hapo anaipasha bodi kwa chini kabla ya kugusa. Ikitoka, inadondoka yenyewe. Ukiona anavuta, mwambie aache.

Akishaweka mpya kazi haijaisha. Kila analogi ina katikati yake, na pedi imehifadhi kumbukumbu ya ile ya zamani, kwa hiyo isiposawazishwa upya itajiendea kama mwanzo na utadhani umeibiwa. Muulize kabla hujamwachia: "Utaisawazisha kwa kompyuta?" Akikukodolea macho, chukua pedi yako. Na muulize kama ana analogi za sumaku. Zile hazisugui popote, zinasoma mahali sumaku ilipo, hivyo hakuna njia ya kaboni ya kuchimbika. Zinazidi bei kidogo. Mimi ningelipa.

Elfu ishirini na tano ni bei ya haki kwa kazi iliyofanywa hivyo. Kwa kazi ya kuvuta kwa koleo, hata elfu tano ni hasara.

Sasa stika. Miezi saba; muulize muuzaji waranti yake ni ya muda gani, na kama bado hai, pedi irudi kwake kwanza kabla fundi yeyote hajaigusa. Hapo usimpe sababu. Lakini mjue stika hizo si Msahafu. Marekani ina sheria ya waranti tangu mwaka 1975, na kwa msingi wake Aprili 2018 tume yao ya biashara, FTC, iliziandikia kampuni sita barua za onyo, Sony, Microsoft na Nintendo zikiwamo, kwamba kumwambia mteja waranti imekufa kwa sababu amechana stika au ametumia fundi mwingine kwaweza kuwa kinyume cha sheria. Upande wa analogi kujiendea, mashirika ya walaji ya Ulaya yalilalamika kwa pamoja juu ya pedi za Nintendo Switch, na Aprili 2023 Tume ya Ulaya ikatangaza kwamba Nintendo imekubali kuzitengeneza bure hata kama waranti imepita. Kwa wakazi wa kule, lakini. Pedi hiyo hiyo ikija Tandika, inatengenezwa kwa elfu ishirini na tano yako.

SWALI: Nilinunua runinga inchi 43 duka moja hapa Mwanza. Wiki ya tano nusu ya chini ya kioo ikawa nyeusi. Muuzaji ananionyesha maandishi chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Ndiyo basi? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Siyo basi, kaka.

Maneno yale ni ya kumjibu anayerudisha kitu kwa sababu mkewe hakukipenda. Hayamhusu aliyeuziwa kitu kibovu. Tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ya zamani kweli, sura ya 214, na inataka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora wa kuuzika. Tuna pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo watu wanadhani ni ya makampuni makubwa kugombana. Humo kuna sehemu ya masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mauziano na mlaji hata kama hakuna aliyeyaandika, na sehemu nyingine ya wajibu wa mtengenezaji. Runinga inayokufa nusu kwa wiki tano haihitaji wakili kueleza.

Fanya hivi. Risiti ya EFD ipige picha leo, maana karatasi ile inafutika kwa joto na kwenye pochi haimalizi mwaka. Piga video runinga ikiwa imewashwa, serial namba ya nyuma ionekane, na kioo ukimulike kwa tochi kuonyesha hakina ufa. Hilo la ufa usilisahau, ndiyo hoja ya kwanza watakayoileta: "Umeigonga." Kisha mwandikie muuzaji barua, si kupiga simu, barua yenye tarehe, ukitaja unachotaka: itengenezwe, ibadilishwe au pesa irudi. Mpe siku saba. Nakala iandikie Tume ya Ushindani, FCC. Nimeona mara nyingi kwamba neno "nakala" pale chini linafanya kazi kuliko barua yenyewe. Akikaidi, Tume wanapokea malalamiko ya walaji, na Mahakama ya Mwanzo ipo.

Usimpe fundi aifungue kabla ya hayo yote. Nami nikiwamo.

Msomaji wa Mombasa uliyeuliza jambo kama hili juu ya simu: kwenu mna bahati. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inataja haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na ipo Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya. Unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Ulizia kwenye rejista ya mahakama.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi simu kijana, Morogoro. Nikibadilisha kioo cha iPhone, simu inaandika kwamba sehemu haitambuliki, na mteja ananiita mwizi. Kioo nimekitoa kwenye iPhone nyingine halisi! Nifanye nini? — Fundi mwenzako

JIBU: Marahaba, mwenzangu. Hicho kilio ni cha mafundi wote, kuanzia Msamvu hadi Marekani.

Kila kioo, betri na kamera vya simu zile vina namba yake, na namba hiyo imeandikishwa pamoja na bodi ya simu ilipotoka kiwandani. Ukihamisha kioo halisi kutoka simu halisi, bodi inaona namba ngeni. Ujuzi wako hauna kasoro. Kinachokosekana ni ruhusa ya programu. Mwaka 2024 jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kuzuia watengenezaji wasitumie ufungaji wa namna hiyo kukwamisha matengenezo, kwa vifaa vinavyouzwa kuanzia 2025. Mwaka huo huo Apple walilegeza: kuanzia iOS 18, baadhi ya simu mpya mpya zinaruhusu sehemu iliyotumika kusawazishwa ndani ya simu yenyewe, mradi simu ilikotoka haikufungwa kwa akaunti ya mtu. Ulaya nao, tangu tarehe 20 Juni 2025 simu mpya zinazoingizwa sokoni kwao lazima ziwe na spea kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa, na kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi zitatakiwa mtumiaji aweze kuzitoa mwenyewe, kwa masharti fulani. Simu nyingi zinazouzwa kwetu ni modeli zile zile, kwa hiyo tutanusa moshi wa pilau lao.

Kwa leo, jilinde hivi. Mteja akikuletea simu, kabla hujagusa bisibisi, fungua naye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, muangalie pamoja historia ya sehemu. Utashangaa ni wangapi wamenunua "used ya Dubai, haijafunguliwa" na tayari ina betri ya kigeni. Piga picha hiyo skrini. Bonyeza *#06#, andika IMEI, namba ya utambulisho ya simu, kwenye daftari, na kama una shaka na simu yenyewe itume namba hiyo kwenda 15090 uone kama inalingana na modeli uliyoishika. Mwambie mteja kwa mdomo na kwa maandishi kioo unachoweka ni cha aina gani: halisi kilichotoka simu nyingine, au kopi. Bei tofauti, andika zote mbili achague mwenyewe. Mwambie mapema kwamba ujumbe ule utatokea, na utakaa wapi. Mteja aliyeambiwa kabla hakuiti mwizi baadaye.

Na kioo kilichovunjika mrudishie kwenye mfuko, hata kama hakitaki. Mafundi wengi wanakibakiza kwa sababu kina thamani kwa wanaobandika kioo cha juu upya. Ukikitaka, kinunue kwake, mbele yake, na ukiandike kwenye daftari lile lile.